Moyo ukisharudi: ubongo unapona vipi baada ya moyo kusimama?

Jioni ya tarehe 17 Machi 2012, katika uwanja wa White Hart Lane jijini London, kiungo wa Bolton, Fabrice Muamba, alianguka ghafla bila kuguswa na mtu. Alikuwa kijana wa miaka 23, mzaliwa wa Kinshasa. Moyo wake ulisimama, na zikapita dakika 78 kabla haujarudi kupiga wenyewe. Wahudumu wa tiba wa timu zote mbili walianza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi. Daktari bingwa wa moyo aliyekuja kutazama mechi kama shabiki, Andrew Deaner, aliteremka kutoka jukwaani kuwasaidia. Mpaka moyo unakubali kurudi, Muamba alikuwa ameshtuliwa kwa umeme mara 15. Hakucheza tena mpira wa kulipwa, lakini alizinduka, akazungumza, akawatambua watu wake na akaendelea na maisha.

Habari hiyo inagongana na jambo ambalo kila aliyepita darasa la huduma ya kwanza amelikariri: ubongo ukikosa oksijeni dakika nne au tano, unaanza kufa. Ikiwa ni hivyo, dakika 78 zilimwachaje Muamba na akili zake timamu? Na kwa nini mwingine ambaye moyo wake umesimama dakika 12 tu anaweza asifungue macho kamwe? Kuna madaktari wa dharura ambao wamelifanya swali hili kazi ya maisha yao, na majibu waliyoyapata yamebadilisha namna ya kumhesabia mtu kwamba amekwisha.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Shambulio la moyo ni kuziba kwa mshipa unaolisha msuli wa moyo. Mgonjwa mara nyingi ana fahamu, anashika kifua, jasho linamtoka. Moyo kusimama ni pale moyo unapoacha kabisa kusukuma damu: mtu anaanguka, haitiki, hapumui, au anavuta pumzi chache za kukatakata kama anayekoroma. La kwanza linaweza kuleta la pili, ila la pili lina njia nyingine nyingi za kufika, kuanzia kuzama majini hadi kupigwa na umeme, pumu kali au kuvuja damu.

Sehemu ya kwanza ya jibu ni kwamba watafiti hawahesabu muda mmoja, wanahesabu miwili. Upo muda ambao damu haitembei kabisa, tangu mtu anapoanguka hadi mtu wa kwanza anapoweka mikono kifuani. Halafu upo muda ambao damu inatembea kidogo, kwa nguvu ya mikono ya anayekandamiza. Kifua kikikandamizwa sawasawa, kikishuka sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, damu inayozunguka ni kama robo hadi theluthi ya ile ya kawaida. Ni kidogo, lakini huo ndio mstari kati ya ubongo unaohangaika na ubongo ulioachwa. Muamba alikuwa na muda wa kwanza mfupi mno na muda wa pili mrefu mno. Yule wa dakika 12 huenda alilala sakafuni dakika 10 watu wakitafuta gari.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo yenye matumaini zaidi. Hata pale damu iliposimama kabisa, ubongo haufi kwa mkupuo mmoja dakika ya tano. Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala la maana la akiba. Damu ikikatika, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ndani ya dakika chache nishati iliyomo kwenye seli za neva inaisha. Kila seli ya neva ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kuzuia kalsiamu isiingie, mithili ya baharia anayechota maji usiku kucha kwenye chombo kinachovuja. Nishati ikiisha pampu zinasimama, seli zinavimba, na kemikali ya glutameti inamwagika kati yao na kufungua milango ya kalsiamu. Kalsiamu ikijaa ndani, vimeng'enya vya seli vinaanza kula kuta za seli hiyohiyo.

Kisha moyo unarudi, damu inafika, na hapa ndipo wengi hudhani hatari imepita. Oksijeni inayorudi kwa kishindo kwenye mitokondria zilizoharibika, yaani mitambo ya nishati ndani ya seli, inazaa kemikali kali zinazoendelea kuunguza. Mishipa midogo ya damu nayo haifunguki yote. Katika sehemu fulani za ubongo, seli zinaonekana salama siku ya kwanza, halafu zinakufa siku ya pili au ya tatu. Mjapani Takaaki Kirino alilionyesha hilo mwaka 1982 kwa wanyama wadogo wa jamii ya panya waitwao jabili: baada ya kukatiwa damu kwa dakika tano tu, seli za hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, zilisimama imara kwa siku mbili ndipo zikaanguka. Kwa upande mwingine, Konstantin-Alexander Hossmann, akifanya kazi Ujerumani, aliweza kuurudisha umeme wa ubongo wa paka waliokatiwa damu kwa saa nzima. Na mwaka 2019 kundi la Nenad Sestan katika Chuo Kikuu cha Yale lilichukua bongo 32 za nguruwe kutoka machinjioni, likaziunganisha na kimiminika maalumu saa nne baada ya nguruwe hao kuchinjwa, na seli nyingi zikarudi kutumia sukari na oksijeni. Hakuna dalili yoyote ya fahamu iliyoonekana, na hakuna aliyedai kwamba nguruwe walifufuka. Lakini wazo kwamba dakika ya tano ni mlango unaofungwa kwa kufuli halikubaki kama lilivyokuwa.

Kama kufa kwa seli ni mchakato wa siku, basi kuna siku ambazo daktari anaweza kuingilia. Mji ulioshikilia wazo hili kwa muda mrefu kuliko yote ni Pittsburgh, Marekani.

Peter Safar alizaliwa Vienna mwaka 1924, akawa daktari wa usingizi na kuhamia Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye na James Elam walithibitisha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inatosha kumweka hai mtu asiyepumua. Mwaka 1960 William Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins walichapisha njia ya kukandamiza kifua bila kukipasua, na Safar akawa mstari wa mbele kuunganisha mambo hayo mawili kuwa huduma moja, ile inayofundishwa duniani kote leo. Mwaka 1966 binti yake, Elizabeth, alipatwa na shambulio kali la pumu. Moyo wake ulirudishwa. Ubongo haukurudi, na akafariki. Baba aliyewapa wengine njia ya kuurudisha moyo aliona kwa mwanawe mahali hasa njia hiyo inapoishia. Mwaka uliofuata alisaidia kuanzisha huduma ya gari la wagonjwa ya Freedom House, iliyowafundisha vijana weusi wa mitaa maskini ya Pittsburgh kutibu mgonjwa njiani badala ya kumbeba tu. Mwaka 1979 akafungua kituo cha utafiti ambacho leo kinabeba jina lake, na lengo lake lilikuwa wazi: kuurudisha moyo na ubongo pamoja.

Majaribio ya mwanzo yalivunja moyo. Dawa ya usingizi ya thiopentali, ambayo wengi waliitegemea ingetuliza njaa ya ubongo, ilijaribiwa kwa wagonjwa 262 na matokeo yakachapishwa mwaka 1986: haikuleta tofauti. Kilichofanya kazi maabara kilikuwa kitu cha kawaida kuliko dawa, yaani baridi. Mwaka 1990 kundi la Safar lilionyesha kwa mbwa kwamba kuushusha mwili nyuzi chache tu za joto kulilinda ubongo. Miongoni mwao alikuwa kijana kutoka Vienna, Fritz Sterz, ambaye alirudi kwao na wazo hilo katika idara ya dharura. Mwaka 2002 majaribio mawili yakatoka pamoja. La Ulaya, lililoongozwa kutoka Vienna na kuhusisha wagonjwa 275, lilisema kwamba waliopozwa hadi nyuzi 32 hadi 34 kwa saa 24 walipona vizuri kiubongo kwa asilimia 55, dhidi ya 39 ya wasiopozwa. La Melbourne, chini ya Stephen Bernard, lilikuwa na wagonjwa 77 na asilimia 49 dhidi ya 26.

Duniani kote ICU, yaani vyumba vya wagonjwa mahututi, zikaanza kupoza wagonjwa: barafu kwapani na kwenye kinena, magodoro ya maji baridi, dawa za kuzuia kutetemeka. Kisha jaribio kubwa zaidi likaja kutoka Sweden. Mwaka 2013 Niklas Nielsen na wenzake walilinganisha nyuzi 33 na 36 kwa wagonjwa zaidi ya 900, wasione tofauti. Mwaka 2021 wakarudia kwa wagonjwa wapatao 1,850: upande mmoja nyuzi 33, upande mwingine kuzuia homa tu. Baada ya miezi sita, waliofariki walikuwa asilimia 50 na 48.

Je, wale wa 2002 walikosea? Sidhani. Katika jaribio la Ulaya, wagonjwa wasiopozwa waliachwa na wengi wao wakapanda homa, na homa kwa ubongo uliojeruhiwa ni kuni juu ya moto. Inawezekana kwamba faida iliyoonekana ilitokana kwa sehemu kubwa na kuizuia homa hiyo. Ndiyo maana miongozo ya leo inakubaliana juu ya jambo hili: joto lisiachwe lipande kupita takriban nyuzi 37.5 katika siku za mwanzo. Yaliyobaki yanabishaniwa. Clifton Callaway, daktari wa dharura wa Pittsburgh aliyesomea pia sayansi ya ubongo, na wenzake wameshikilia kwamba kosa ni kuwachanganya wagonjwa wote kwenye chungu kimoja. Wanapompokea mgonjwa wanampanga katika mojawapo ya madaraja manne, kuanzia aliyezinduka na kufuata maagizo hadi asiye na hata mwitiko wa shina la ubongo. Kumbukumbu zao za zaidi ya wagonjwa elfu moja zilidokeza kwamba walioumia zaidi walinufaika zaidi na nyuzi 33. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huo ni udokezi, haujawa ushahidi wa kufunga mjadala.

Lakini mchango wa madaktari hawa ninaouona mkubwa kuliko yote hauhusu kifaa wala dawa. Unahusu asubuhi ya siku ya pili.

Asubuhi hiyo mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia. Daktari anainua kope, anamulika kwa tochi, mboni haisinyai. Anagusa kioo cha jicho kwa ncha ya pamba, jicho halipepesi. Anaminya ukucha kwa kalamu, mkono hausogei. Nje familia inasubiri neno. Ni rahisi sana, na ni ubinadamu, kutoka na kusema kwamba hakuna kilichobaki. Ila mgonjwa huyo usiku kucha amepewa dawa za usingizi na za kulegeza misuli. Kama alipozwa, ini na figo zake zinaziondoa dawa hizo polepole kuliko kawaida, na figo zenyewe zilikosa damu jana. Anayepimwa pale kitandani huenda ni dawa, siyo ubongo.

Mashine ikizimwa kwa kauli hiyo, mgonjwa anafariki, na kauli inaonekana ilikuwa sahihi. Huu ni utabiri unaojitimiza wenyewe, na umeingia hadi kwenye tafiti: dalili inayosemwa kuwa ya kifo inaonekana ya kifo kwa sababu kila aliyekuwa nayo alizimiwa mashine. Mwaka 2016 Jonathan Elmer, naye daktari wa dharura wa Pittsburgh aliyebobea katika matunzo ya ubongo mahututi, alichapisha pamoja na wenzake uchambuzi wa maelfu ya wagonjwa wa Amerika Kaskazini. Kati ya waliofia hospitalini, theluthi moja waliondolewa msaada wa uhai kabla ya saa 72 kwa hoja kwamba ubongo wao hauna mwelekeo. Walipokokotoa ingekuwaje kama wangesubiriwa, walipata kwamba asilimia 26 wangeishi, na asilimia 16 wangeishi wakiwa na uwezo wa kujiendeshea maisha yao. Kwa Marekani nzima walikadiria vifo 2,300 kwa mwaka, karibu 1,500 kati yao vikiwa vya watu ambao wangeweza kupona vizuri. Ni makadirio ya hesabu, yana mipaka yake. Hata yangekuwa nusu ya hapo, kila mmoja wa watu hao alikuwa amesharudishiwa moyo.

Mfano mwingine wa Elmer unaonyesha jinsi dalili moja inavyoweza kudanganya. Baadhi ya wagonjwa, saa chache baada ya moyo kurudi, huanza kushtuka mwili mzima: mabega yanaruka, taya linagonga, kope zinacheza. Ni jambo la kutisha kulitazama, na kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa hukumu ya kifo. Hata hivyo, tangu mwaka 1963 James Lance na Raymond Adams walikuwa wameeleza juu ya wagonjwa waliozinduka na fahamu zao wakiwa bado na mishtuko ya aina hiyo. Elmer na wenzake waliwawekea wagonjwa wa mishtuko kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, wakakuta makundi mawili. Katika moja, kati ya mshtuko na mshtuko ubongo ulikuwa kimya karibu kabisa, hakuna aliyenusurika. Katika lingine, umeme wa ubongo uliendelea kutiririka nyuma ya mishtuko, na nusu yao walinusurika. Kwa macho, kitandani, makundi yote mawili yanafanana. Ni kipimo tu kilichowatenganisha.

Ndiyo maana miongozo ya sasa ya Ulaya haikubali hukumu kwa dalili moja. Inataka zipite angalau saa 72 tangu moyo uliporudi, dawa za usingizi ziwe zimetoka, na angalau dalili mbili mbaya zikubaliane: mboni zisizoitikia mwanga, ishara ya neva ya mkono isiyofika kwenye gamba la ubongo upande wowote, EEG mbaya, protini za seli za neva zilizojaa kwenye damu, au picha ya ubongo inayoonyesha uharibifu ulioenea. Dalili zisipokubaliana, jibu ni kusubiri. Italia na Korea Kusini, ambako kuzima mashine ni nadra, zimewapa watafiti nafasi ya kuona njia ya asili ya maradhi haya bila kukatwa katikati, na humo wapo wanaozinduka baada ya siku ambazo kwingineko wangekuwa wamezikwa.

Kusubiri nako kuna gharama, na sitaki kuificha. Wengi kati ya wanaobaki kwenye koma baada ya siku tatu hawarudi, na wengine hurudi katika hali ambayo wenyewe wasingeitaka. Wanaozinduka vizuri nao hubeba mabaki: kusahau mambo ya jana, kwa kuwa hipokampasi ni miongoni mwa sehemu zinazoumia kwa urahisi zaidi, pamoja na uchovu mzito, hasira za ghafla na woga. Miezi ya kwanza ndiyo yenye maendeleo makubwa, na ndugu wa nyumbani huyaona matatizo haya kabla ya daktari.

Kwetu, mambo mengine niliyoyataja yako mbali. Tanzania ilipata idara yake ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma pale Muhimbili mwaka 2010, na vitanda vya ICU vyenye EEG ya kuendelea ni vya kuhesabu. Lakini kuzuia homa kwa parasetamoli na kwa kumpoza mgonjwa kwa maji hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kutibu degedege hakuhitaji Pittsburgh. Na kifua kinaweza kukandamizwa na kondakta wa daladala, na mwalimu, na mtoto wa kidato cha pili, kabla gari halijapatikana.

Mwenye ndugu aliyerudishiwa moyo na kulala kwenye koma ana haki ya kumuuliza daktari, kwa adabu na bila woga, maswali machache ya moja kwa moja. Alikaa muda gani kabla ya kukandamizwa kifua? Mara ya mwisho kupewa dawa ya usingizi ilikuwa saa ngapi, na figo zake zinafanya kazi? Ana homa, na inashushwaje? Kama ameshtuka mwili, je, kuna namna ya kumpima umeme wa ubongo, hapa au kwingine? Na saa 72 zinaisha lini?